Msiba Unguja na Pemba: maswali yanayoulizwa mara kwa mara kuhusu maziko, matanga na eda

Ukurasa huu ni wa waliohamia Unguja au Pemba, wa waliokulia ng'ambo na sasa wana wazee wao hapa, na wa vijana ambao msiba wa kwanza unawakuta wao ndio wakubwa wa nyumba. Yaliyomo ni desturi ya Waislamu wa visiwani kwa madhehebu ya Shafi, ndiyo inayofuatwa na wengi. Penye hitilafu ya masheikh tumesema. Jambo moja lishike kabla ya yote: mfiwa hafanyi kazi. Kila desturi utakayoisoma hapa chini imewekwa ili mzigo utoke mabegani mwa aliyefiwa uende kwa jirani, kwa jamaa na kwa msikiti.

Mtu amekata roho nyumbani sasa hivi. Tuanze na nini?

Mfumbe macho. Chukua kitambaa kipana, kipitishe chini ya kidevu, ukifunge utosini ili mdomo usibaki wazi. Mnyooshe mikono na miguu, ukunje na kukunjua viungo taratibu mara chache. Haya yafanyike mapema, kwa sababu mwili huanza kukakamaa ndani ya saa chache za mwanzo, na taya likishakaza wazi halirudi. Waosha maiti wengi watakwambia kwamba hili ndilo kosa wanalolikuta mara nyingi: watu wamelia, wamepiga simu, wamesahau taya.

Kisha mvue nguo alizofia, mfunike shuka nyepesi mwili mzima, mtoe kwenye godoro umlaze juu ya kitanda cha kamba au ubao. Godoro linaweka joto, na joto ndilo linaloharibu mwili. Fungua madirisha, washa feni, fukiza ubani. Watoto wadogo wapelekwe kwa jirani, lakini wasifichwe habari.

Nani aambiwe kwanza, na tangazo liseme nini?

Jamaa wa karibu, imamu wa msikiti wa mtaa na sheha, yaani kiongozi wa serikali wa shehia. Hao watatu wakijua, mambo yameanza kwenda. Msikiti utatangaza kwa kipaza sauti, na wengi bado hupeleka tangazo redioni, maana kuna bibi wa shamba asiye na simu ya kisasa lakini matangazo ya vifo hayampiti.

Tangazo zuri ni fupi. Litaje jina kamili la marehemu na jina alilojulikana nalo mtaani (wengi hawajui kwamba Bi Mkubwa wa duka la mkaa jina lake ni Zuhura), mahali alipofia, msiba uko nyumba gani, ataswaliwa msikiti gani, atazikwa wapi na saa ngapi. Ukiacha msikiti wa kuswalia, nusu ya watu watakwenda makaburini moja kwa moja na safu zitakuwa chache.

Tunaweza kumngoja ndugu aliye mbali?

Kidogo. Aliyefariki usiku huzikwa baada ya adhuhuri, aliyefariki asubuhi huzikwa baada ya alasiri. Kumngoja mtoto anayevuka kwa boti kutoka Dar es Salaam hakuna anayelaumu. Kumngoja mtu wa ng'ambo siku tatu, maiti kwenye friji, ni jambo linalowatesa waliopo zaidi kuliko linavyomfariji anayekuja. Epukeni pia kukusudia kuzika jua linapochomoza, linapokuwa utosini au linapokuchwa.

Tununue vitu gani?

Kitu cha kwanza ni sanda: bafta nyeupe mpya. Mwanamme hukafiniwa kwa vipande 3 vya kumzungushia mwili mzima. Mwanamke ana vipande 5: shuka ya kiunoni, kanzu, ushungi, na viwili vya kuzungushia. Kila kipande cha kuzungushia kizidi urefu wa maiti kichwani na miguuni ili kifungike. Mtu wa urefu wa mita 1.70 anataka kipande cha mita 2.30 hivi, kwa hiyo vipande vitatu ni kama mita 7 za kitambaa cha upana wa mita moja na nusu. Hapo ndipo watu hukosea: wananunua urefu sahihi, upana mwembamba, na sanda haipandani kifuani. Maiti mnene, ongeza. Kamba za kufungia zichanwe kutoka pindo la bafta hiyo hiyo.

Vingine: majani ya mkunazi ya kutwanga, sabuni, pamba, glovu, marashi, udi, ubani na karafuu maiti. Karafuu maiti, kwa faida ya wageni, haitoki kwenye mkarafuu wa Pemba. Ni vile vipande vyeupe vyenye harufu kali inayopanda puani, vinavyoitwa pia kafuri. Kuna aliyetumwa dukani akarudi na kibaba cha karafuu za pilau, basi mwambieni mnayemtuma. Kitanda cha kuoshea, tusi (jeneza la kumbebea maiti) na viunza (mbao za kumfunikia kaburini) uliza msikitini kabla hujanunua chochote.

Kuosha kunakwendaje?

Wanaume humwosha mwanamme, wanawake humwosha mwanamke, na mume na mke wanaweza kuoshana. Wanatosha watu wanne: mmoja wa kuosha, mmoja wa kumimina maji, wawili wa kugeuza. Kuzidi hapo ni kumvunjia marehemu sitara. Chini ya kitanda hupitishwa handaki dogo la kupokea maji, wazee huliita ufuo. Nyumba ya sakafu, maji yaelekezwe kwenye shimo, yasitiririke uani.

Baina ya kitovu na magoti hafunuliwi wakati wowote. Mwoshaji huanza kumwinua mgongo kidogo na kumkanda tumbo kwa upole ili kilichomo kitoke, humsafisha kwa mkono uliovikwa glovu au kitambaa, hubadilisha kitambaa, kisha humtawadhisha. Baada ya hapo ni kichwa, upande wa kulia, upande wa kushoto. Josho moja linatosha kwa lazima. Sunna ni matatu: la kwanza kwa mkunazi, la pili kwa maji matupu, la mwisho kwa maji yaliyotiwa karafuu maiti kidogo. Bado kinatoka kitu? Huoshwa tena, idadi iishie witri (isiyogawika kwa mbili), 5 au 7. Nywele za mwanamke husukwa mikia mitatu na kuwekwa nyuma.

Maji yawe ya kawaida. Maji ya moto hulegeza ngozi, na kwa maiti aliyekaa muda inaweza kuchubuka mkononi mwa mwoshaji. Akishakaushwa, pamba yenye karafuu maiti huwekwa kwenye matundu ya mwili na viungo vya kusujudia: paji la uso, pua, viganja, magoti na vidole vya miguu.

Alichokiona mwoshaji hukizika pale pale. Huu ndio utu wa kazi hii, na ndiyo sababu mtu mwenye ulimi mrefu haitwi kuosha hata akiwa fundi.

Nimeambiwa niende nikasaidie kuchimba. Nijue nini?

Makka iko kaskazini kwetu, karibu moja kwa moja. Kwa hiyo kaburi la visiwani hulala mashariki na magharibi. Maiti hulazwa ubavu wa kulia, uso kaskazini, kichwa mashariki. Likichimbwa upande mwingine itabidi lianzwe upya watu wakiwa wamesimama na jeneza, basi imamu au mzee aje akague alama kabla ya jembe la kwanza.

Kina kilichopendekezwa ni kimo cha mtu aliyesimama akanyoosha mkono juu. Pemba kwenye udongo mzito hilo linafikiwa na katika ukuta wa kaskazini huchongwa mwanandani, yaani chumba cha pembeni anamolazwa maiti, kisha viunza huegeshwa kuziba mlango wake. Kwenye mchanga usijaribu mwanandani. Mchanga utaporomoka, pengine na mchimbaji ndani. Hapo huchimbwa mfereji katikati ya sakafu ya kaburi, maiti hulazwa humo na viunza hulazwa juu. Makunduchi, Paje, Jambiani na kote kwenye ardhi ya mawe, jembe halifui dafu: chukueni mitaimbo na sururu, muanze mapema sana, na tangazo la saa ya maziko lingoje habari kutoka kwa wachimbaji. Tumeona ni busara watu wawe wanane au kumi, wakipokezana wawili wawili, kwa sababu ndani hawaenei zaidi.

Maiti huingizwa kupitia upande wa miguu, kichwa kikitangulia. Wanaompokea chini huwa watatu kwa kawaida. Kamba za sanda hulegezwa, shavu la kulia huegemezwa kwenye udongo, donge la udongo huwekwa mgongoni asirudi chali. Juu ya viunza hutandazwa mkeka au majani, udongo usichuruzike ndani. Kila aliyepo hutupa makonzi matatu, kisha majembe humaliza. Tuta lipande shibiri moja tu, linyunyiziwe maji kuanzia kichwani, ziwekwe alama mbili. Baadhi ya masheikh husoma talakini hapo, yaani maneno ya kumkumbusha maiti imani yake, na wengine hawasomi. Jeneza la watu si mahali pa kulibishia hilo. Kaburini hafuatwi mbishi, anafuatwa imamu aliyekabidhiwa na wafiwa.

Sijui swala ya maiti. Nisimame pembeni?

Hapana, ingia safuni. Haina rukuu wala sijda, ni kusimama na takbira nne. Baada ya takbira ya kwanza soma Fatiha, ya pili mswalie Mtume, ya tatu muombee maiti (lililo fupi kabisa ni "Allahumma ghfir lahu warhamhu", na kwa mwanamke "laha warhamha"), ya nne omba dua fupi kisha toa salamu. Utajua maiti aliyeko mbele ni mwanamme au mwanamke hata kama hukuuliza: imamu husimama usawa wa kichwa cha mwanamme na usawa wa kiuno cha mwanamke, na jeneza la mwanamke huwa limefunikwa subaya, yaani kitambaa cha kulisitiri.

Wanawake huenda makaburini?

Kwa desturi ya hapa hubaki nyumbani siku ya maziko. Wanaume huchukua jeneza, kila mtu anatia bega hatua chache na kumpisha mwenzake.

Niseme nini kwa mfiwa?

Neno la kale ni "Makiwa", na mfiwa huitika "Tunayo". Vijana wengi siku hizi husema "Poleni na msiba" na "Mungu amrehemu". Yote ni sawa. Mpe mkono, sema neno hilo, kaa. Usimuulize kilichomuua, maana ameshalijibu swali hilo mara hamsini tangu alfajiri. Baada ya maziko jamaa husimama mstari mmoja na watu hupita wakiwapa mikono. Mmoja wao hutangaza kwamba mwenye deni kwa marehemu awaone warithi. Kama unadai, nenda baadaye, faraghani.

Mavazi: kanzu na kofia kwa wanaume, na kwa wanawake baibui au kanga ya kujitanda, bila wanja, bila manukato, bila vito vya kulia njiani.

Matanga ni siku ngapi, na nani anapika?

Siku tatu. Wanaume hukaa nje, barazani au chini ya turubai. Wanawake hukaa ndani, fanicha zimetolewa na mikeka imetandikwa chini, na wafiwa hulala hapo hapo chini pamoja na waliokuja kuwaliwaza.

Kupika ni kazi ya majirani. Mtume, salallahu alayhi wasallam, alipopata habari ya kuuawa kwa Jaafar bin Abi Talib kwenye vita vya Muta, mwaka 8 Hijria, aliamrisha watu wake Jaafar wapikiwe chakula, kwa sababu limewafika la kuwashughulisha. Hiyo ndiyo asili. Siku hizi mambo yamegeuka kwenye nyumba nyingi: mfiwa ndiye anayekopa mchele, mfiwa ndiye anayetafuta ng'ombe, na wageni wanakula wakilinganisha msiba huu na wa jana. Hili tunalisema wazi kuwa ni baya. Likifanywa kwa mali ya marehemu ni baya zaidi, kwa kuwa mali hiyo tangu alipokata roho ni ya warithi, na wakiwemo yatima, kila sahani ya wali imetolewa kwenye haki ya mtoto asiyeweza kusema hapana.

Kwa vipimo: kilo 1 ya mchele hulisha watu wazima 6 hadi 8 ikiwa na mchuzi au maharage. Watu 100, piga kilo 15 za mchele na kilo 6 za maharage yaliyorowekwa usiku. Kuni ziwe kavu, na sufuria kubwa ipaliwe makaa juu ya kifuniko wali ukishakauka maji, moto wa chini upunguzwe. Wali wa sufuria kubwa hauungui kwa moto mwingi wa mwanzo, unaungua kwa moto wa chini uliosahauliwa mwishoni. Teueni mpishi mmoja mwenye kauli. Wakiwa watatu, chumvi itatiwa mara tatu.

Ubani utolewe vipi?

Ubani hapa si wa kufukiza, ni mchango wa fedha. Mtafute mzee aliyekaa na daftari, mpe mkononi, jina lako litaandikwa. Hakuna kiwango. Daftari hilo likifungwa siku ya tatu hupewa mfiwa, si kwa kudaiana, bali ajue siku ya mwenziwe awe wapi. Usiye na fedha, peleka kuni, mchele, ndoo za maji au mikono yako.

Hitima na arobaini ni lazima?

Si lazima. Hitima ya siku ya tatu ndiyo iliyozoeleka zaidi: Kurani hugawiwa juzuu 30 kwa wasomaji 30, kila mmoja akamaliza yake kwa nusu saa au zaidi kidogo, kisha Yasini, tahalili (kukariri "La ilaha illa Allah") na dua. Wasomaji wakiwa 15 kila mtu apewe juzuu mbili na muda uongezwe. Wapo Waislamu wenzetu wasioikubali hiyo, wala ya siku ya arobaini. Mwenye kuisoma aisome kwa kahawa na kipande cha halua. Si lazima biriani.

Mjane hukaa eda muda gani, na anakatazwa nini?

Eda ni muda wa mjane kukaa nyumbani na kuacha mapambo: miezi 4 na siku 10 kwa mwezi wa kuandama. Mjamzito eda yake huisha anapojifungua, hata ikiwa ni wiki moja baada ya kifo.

Hesabu hii huwatatiza watu. Mume akifariki tarehe 5 Rajabu, hesabu Shaaban, Ramadhani, Mfunguo Mosi (Shawali), mpaka tarehe 5 Mfunguo Pili (Dhulkaada): hiyo ni miezi minne. Ongeza siku 10, anatoka tarehe 15 Mfunguo Pili. Kwa jumla ni siku 128 hivi. Anayehesabu kwa kalenda ya ukutani humzidishia mjane siku tatu au nne ambazo hakuandikiwa.

Kizuka, kama anavyoitwa mjane aliye edani, hatumii ndani ya muda huo manukato, hina, wanja, vito wala nguo za pambo. Rangi si lazima iwe nyeusi wala nyeupe. Hukaa na kulala nyumba aliyokuwa akiishi na mumewe, na warithi hawana haki ya kumharakisha. Hospitali anakwenda. Kazini au sokoni, kama hana wa kumtafutia, anakwenda mchana na kurudi kulala kwake. Kuoga, kuchana nywele, kuzungumza kwa simu na kukaa penye mwanga havikukatazwa na mtu yeyote mwenye elimu, na yale ya kumfungia chumba cha giza yaachwe.

Siku ya kutoka, mashoga na jamaa humwosha, humvisha nguo mpya na kumfukiza udi. Kwa jamaa wengine wasio mke, huzuni ya kuacha mapambo haizidi siku 3.

Na maiti akiwa hakupatikana?

Visiwa hivi vinalijua jambo hili. Meli ya MV Spice Islander I ilizama Septemba 2011 karibu na Nungwi ikienda Pemba, na MV Skagit Julai 2012 karibu na Chumbe ikitoka Dar es Salaam, na wako ambao bahari haikuwarudisha. Wafiwa huwaswalia swala ya ghaibu, takbira nne zile zile bila jeneza mbele, kama Mtume alivyomswalia Najashi wa Habasha. Kuhusu eda na mirathi ya aliyepotea, familia isijikatie hukumu. Iende Mahkama ya Kadhi ikathibitishiwe kifo kwanza.

Karatasi zipi zifuatiliwe baada ya matanga?

Kifo kisajiliwe kwa Wakala wa Usajili wa Matukio ya Kijamii Zanzibar. Anzeni na sheha, na mkiwa mmetoka hospitali mwende na hati yake. Bila cheti cha kifo, benki haifunguki na mirathi haiendi. Mali hutoka kwa mpango huu: gharama za maziko, madeni, wasia usiozidi theluthi, kisha warithi. Mke mwenye mtoto wa marehemu ana thumni (sehemu moja ya nane), na mume aliyeachiwa mtoto na mkewe ana robo. Kuhusu kugawiwa rasmi, iulizeni Kamisheni ya Wakfu na Mali ya Amana.

Mimi si Muislamu, lakini jirani yangu amefiwa. Nende?

Nenda. Kaa barazani au ndani na wenzako, toa ubani, beba maji, fuata jeneza mpaka makaburini. Wakati wa swala simama kando tu.

Vyombo vya watu virudishwe lini?

Tusi na kitanda cha kuoshea ni vya msikiti, hurudi siku ile ile vikiwa vimeoshwa, kwa sababu havijui saa ya kuitwa tena. Sufuria, majamvi na birika huoshwa siku ya nne asubuhi, huhesabiwa kwa alama za rangi zilizopigwa chini yake, na vijana wa mtaa huvirudisha nyumba kwa nyumba. Si wafiwa.